Petroli Haikufika Winnett

Milo Rustad hakuwahi kulitaja neno petroli bila kukunja pua. Kwake yeye, gari la kuvuta tela ni la dizeli, na anayevuta tela kwa petroli ama ni mgeni kutoka mjini, ama amekosa watu wa kumshauri. Kaka yake Delbert naye alikuwa na imani hiyohiyo tangu ujana, mpaka mkewe Arlys alipougua mapafu. Hapo ndipo ndugu hawa wawili, waliolala chumba kimoja utotoni na kuwazika wazazi wao pamoja, walipokosana, na watu wa Jordan, mji wao mdogo huko Montana, wakapata la kuzungumza.

Wanaume wa upande ule wa Montana wana mambo yao. Mwambie mmoja wao kwamba mwanawe hana adabu, atacheka na kukubali. Mwambie injini yake haina nguvu, mtapita barabarani msipungiane mkono mpaka mmoja wenu azikwe.

Dizeli ya Delbert ilikuwa pikapu nyekundu iliyofifia, ya zamani, yenye ekzosi iliyolegea ambayo hakuwahi kuikaza. Ilivuta tela ya ng'ombe, tela ya farasi, marobota ya majani makavu, na mara moja ilivuta nyumba ya kuku ya jirani ikiwa na kuku ndani. Ilipofika kwenye kona ya lango la ranchi, ekzosi iligonga ga-ga-ga, na Arlys aliyekuwa jikoni akainjika kahawa. Katika ndoa yao yote, Delbert hakuwahi kuvua buti mlangoni akakuta kahawa haipo.

Ugonjwa ulipoanza, Arlys hakulalamika. Alichofanya ni kufunga dirisha. Dizeli ikija, kahawa inainjikwa, kisha dirisha linafungwa, hata wakati wa joto kali la Julai. Delbert ana tabia ya watu wa kwao ya kuliacha gari likinguruma uani wakati yeye anapakua mzigo, na siku moja akiwa ameinamia gunia alimwona mkewe kupitia kioo, ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, anakohoa mpaka mabega yanaruka. Alikwenda akazima injini. Akasimama pale uani muda mrefu na ufunguo mkononi, akijichukia.

Wiki iliyofuata aliipeleka dizeli mjini akarudi na pikapu mpya ya petroli. Muuzaji alimwambia injini yake ni ndogo lakini ina turbo, inasukumiwa pumzi, inavuta sawasawa na dizeli na haitoi moshi wala kelele. Ilikuwa kweli haina kelele. Iliingia uani kimya kimya, na Arlys alishtuka kumkuta mume wake amesimama jikoni.

"Umetokea wapi?"

"Nimekuja na gari jipya. Halina moshi."

Arlys alichungulia dirishani. Alimpenda kwa jambo lile, na papo hapo akamkasirikia.

"Nilikuomba uiuze dizeli, mimi?"

"Hukuniomba."

"Sasa nitajuaje kama umekuja, mzee? Kahawa nitaiweka saa ngapi?"

"Nitapiga honi."

"Honi!" alisema Arlys, akacheka mpaka akakohoa. "Kama teksi!"

Alipiga honi siku mbili tatu, halafu wote wawili wakaona ni upuuzi, wakaacha. Tangu hapo Delbert akawa anaingia na kukuta jiko baridi, na Arlys anainuka haraka kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Milo alilipata jambo hilo kanisani, pale watu wanapokunywa kahawa baada ya ibada. Mdomo wa Milo ulikuwa na mbio kuliko kichwa chake, na kila mtu alilijua hilo. Kwanza alitania tu.

"Nasikia umenunua cherehani, Del. Inashona vizuri?"

Watu wakacheka, Delbert naye akatabasamu kidogo. Kama Milo angeishia hapo, pangekuwa na hadithi nyingine. Lakini hakuishia.

"Mimi nakuambia ukweli kwa sababu wengine wanakuogopa. Arlys anaondoka, kaka. Tunajua sote. Akishaondoka utabaki na kigari cha petroli na tela usiyoweza kuivuta mpaka mji wa Roundup."

Arlys hakuwapo, alikuwa garini ameshapanda. Delbert aliweka kikombe mezani polepole.

"Ukikanyaga kwangu tena," alisema, "nitakupiga risasi."

Hakumpiga Milo wala hakupaza sauti. Mwezi uleule Milo akaenda mjini akainunua ile dizeli nyekundu, akawa anapita nayo barabara kuu, ga-ga-ga, kama mtu anayemtembeza mke wa zamani wa mwenzake mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo Delbert alivyoliona, na hakuna aliyemwambia vingine.

Oktoba ilipoingia, Arlys alikuwa mjini Billings, kwenye nyumba moja ya kuuguzia watu wasio na matumaini ya kupona. Binti yao Janelle alikaa naye. Delbert alikuwa anakwenda na kurudi kwa sababu ng'ombe hawajui kwamba mtu anaumwa. Siku hiyo asubuhi alikuwa zizini simu ilipolia.

"Baba, wauguzi wanasema ni leo au kesho," Janelle alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kulia. "Anamtaka Hazel."

"Anamtaka nani?"

"Hazel, baba. Anasema umlete dirishani. Nimewauliza hapa, wamekubali. Chumba chake kinatazama maegesho. Unaweza?"

Hazel alikuwa farasi jike wa rangi ya karanga. Mama yake alikufa akimzaa, na Arlys alimlea kwa chupa ndani ya chumba cha kufulia, akilala sakafuni kando yake. Mpaka siku ile farasi yule alikuwa hamruhusu mtu mwingine kumshika masikio.

"Mwambie tunakuja," Delbert alisema. "Mwambie mimi na Hazel tunakuja."

Alifunga tela nyuma ya pikapu, akampakia Hazel, akatoka. Kwenye kona ya lango hakusikia chochote zaidi ya upepo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana halikuwa kosa la mjinga. Delbert alikuwa ameisafiri njia ya Billings maisha yake yote akiwa na dizeli. Mwili wake ulikuwa na desturi zake. Jordan hakuwa akisimama. Mafuta alikuwa anajaza Roundup, ananunua pai, anaendelea. Tangi likiwa nusu, dizeli ilimfikisha Roundup na ikabakiza. Asubuhi ile geji ilisoma nusu na ushee. Kituo cha mafuta cha Jordan kilipotokea upande wa kulia, mguu wake haukugusa breki, na kichwa chake kilikuwa kwenye chumba cha Billings. Safari zake zote za kwenda na kurudi Billings kwa gari lile alikwenda bila tela, na likiwa tupu linanusa mafuta tu. Kioo kidogo cha vipimo mbele ya usukani kilikuwa kimezihesabu safari hizo, kikamwambia kwa maandishi ya kijani kwamba mafuta yanatosha kufika. Kilikuwa hakijui habari za tela.

Upepo wa magharibi ulikuwa unampiga usoni. Tela ya farasi ni ndefu kwenda juu, nayo inaukamata upepo wote. Injini ndogo ilipewa pumzi na turbo bila kupumzika, na kila pumzi ilitaka petroli yake. Ikawa hainusi tena, inakunywa. Ile hesabu ya kijani ikaanza kushuka kwa kasi ambayo Delbert hakuwahi kuiona. Kwanza alidhani kifaa kimeharibika. Halafu akapunguza mwendo. Halafu akaanza kuomba. Kati ya Jordan na Winnett hakuna pampu ya mafuta, kuna majani makavu na nyaya za uzio tu. Bondeni, chini ya kilima wanachokiita Kilima cha Mchungaji, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza.

Alijaribu kuiwasha. Akajaribu tena. Akaweka paji la uso juu ya usukani, akasema neno ambalo Arlys asingeruhusu lisemwe mezani.

Wa kwanza kusimama alikuwa Gaylen, jirani wa upande wa kusini, anavuta tela ndefu ya ndama wanaokwenda mnadani. Mgongoni mwa pikapu yake palikuwa na tangi kubwa la chuma lenye pampu yake, kama wafugaji wengi wanavyobeba.

"Nini tena, Del?"

"Mafuta yamekwisha."

"Basi hilo nalo ni tatizo?" Gaylen alishuka akicheka, akaufungua mpira wa pampu. "Ninalo tangi zima hapa. Chukua mpaka limwagike."

"Ni la petroli hili, Gaylen."

Gaylen alibaki ameushika mpira. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Aa. Nilisahau, bwana." Akatazama tela ya farasi, akaelewa. Wilaya nzima ilijua kuhusu Arlys. "Ningekuvuta mimi, lakini na hawa ndama..."

"Najua. Nenda."

"Milo yuko kwake hapo nyuma ya kilima. Nampitia namwambia, sasa hivi anakuja."

"Usimwambie."

"Del."

"Nimesema usimwambie. Ukifika Winnett, nitafutie mtu wa kuniletea petroli."

Gaylen alimtazama kama mtu anayetazama farasi aliyevunjika mguu, akapanda gari lake akaondoka. Baadaye lilipita lori la majani makavu. Dereva wake naye alisimama, naye alikuwa na dizeli ya kugawa. Kisha ikaja pikapu ya watu wa kuchimba visima, wawili ndani, wema sana, na dumu lililojaa dizeli. Delbert alisema asante kwa kila mmoja. Alikuwa amezungukwa na watu wenye mafuta na moyo wa kusaidia, na hapakuwa na mmoja mwenye tone la kumfaa. Ndani ya tela Hazel alianza kupiga kwato sakafuni.

Kisha akaja Lavonne, mpeleka barua, mwanamke mwenye kofia ya manyoya na gari dogo lililojaa vifurushi. Hakushuka. Alishusha kioo tu.

"Panda."

"Siwezi kumwacha farasi barabarani, Lavonne."

"Chukua gari langu basi. Hili ni la petroli, tangi lake haliingii mpira wa kunyonyea, lakini litakufikisha. Mimi nakaa hapa na farasi. Barua zitachelewa, watu watanung'unika, watanyamaza."

Hapo Delbert alipewa mlango, na mlango ulikuwa wazi. Alitazama lile gari dogo, injini inazunguka. Alitazama barabara. Halafu akasikia sauti ya Janelle tena: anamtaka Hazel. Arlys hakuwa mtu wa kuomba vitu. Miaka yote ile hakuomba pete kubwa wala safari wala jiko jipya. Ameomba kitu kimoja, na Delbert aende akasimame mbele yake mikono mitupu?

"Nimeahidi kumleta," alisema.

"Delbert Rustad, anakutaka wewe, mpumbavu we!"

"Amemtaja Hazel."

Lavonne alimtazama machozi yakimlengalenga, kwa hasira zaidi kuliko huruma. "Basi mpigie Milo. Kilimani kuna mtandao. Meza hicho kilichokukwama kooni umpigie ndugu yako."

Akaondoka. Delbert akaupanda Kilima cha Mchungaji kwa miguu, upepo ukimrudisha nyuma. Juu, simu ilitetemeka, ujumbe wa Janelle ukaingia: Baba uko wapi? Kila dizeli ikipita anauliza kama ni wewe. Amesahau kwamba uliiuza.

Aliusoma, akaketi juu ya jiwe. Kutoka pale aliweza kuona mabati ya banda la Milo yaking'aa kwenye jua, karibu tu. Alilifungua jina la ndugu yake kwenye simu, akalifunga. Alikuwa anaisikia sauti ya Milo tayari: sikukuambia? Mpaka Roundup haifiki, sikukuambia? Alikaa pale na aibu yake muda ambao baadaye angetoa ranchi nzima arudishiwe. Kisha akabonyeza.

Simu haikumaliza hata mlio wa kwanza.

"Uko wapi?" Milo alisema.

"Chini ya Kilima cha Mchungaji."

"Nakuja."

Hilo tu. Delbert alikuwa hajafika hata nusu ya mteremko aliposikia. Ga-ga-ga. Ile dizeli nyekundu ilitokea kwenye mpindo wa barabara ikikimbia, ikageuka, ikarudi kinyumenyume kuelekea tela. Ndugu wale hawakusalimiana. Delbert alikwenda nyuma akainua mkono: kushoto kidogo, njoo, njoo, polepole, simama. Ni ishara zilezile walizofundishwa na baba yao. Wakafungua tela kwenye gari la petroli, wakalisukuma gari pembeni, wakaifunga kwenye dizeli, minyororo, waya wa taa, kila mtu upande wake kama zamani. Milo akamalizia pini.

Kilima ambacho petroli ilikuwa imekohoa na kuzimika chini yake, dizeli ilikipanda kana kwamba nyuma yake hakuna tela. Delbert alilihisi hilo mgongoni mwake. Alisubiri Milo aseme. Milo hakusema, na huko kunyamaza kulimuuma kuliko dhihaka.

"Sema basi," Delbert alisema walipopita Winnett.

"Niseme nini?"

"Cherehani. Kigari cha petroli. Sema."

Milo alikaza macho barabarani. Taya lake lilikuwa linacheza.

"Umefika haraka mno," Delbert akasema tena. Ilikuwa imemjia sasa hivi. "Injini ilikuwa ya moto. Gaylen alikuambia."

"Aliniambia."

"Zamani?"

"Tangu alipopita. Nilikuwa nimekaa getini, gari linanguruma, nangoja upige."

"Ukajua niko pale, na ukajua ninakwenda wapi, ukakaa getini?"

"Ulisema nikikanyaga kwako utanipiga risasi."

"Barabara kuu ni kwangu?"

"Sijui, Del! Nilidhani... nilitaka uniite. Nilitaka mara hii moja uniite wewe." Sauti yake ikakatika. "Nilikuwa nakuona pale juu ya jiwe. Nilikuwa nakuona na darubini ya kuwindia, umekaa na simu. Nikasema, anapiga sasa. Anapiga sasa."

Wote wawili walikuwa wanaipima ile saa iliyopotea, mmoja juu ya jiwe, mmoja getini, na hakuna aliyeweza kumtupia mwenzake lawama.

Roundup ilikuja ikapita. Hawakusimama.

"Kwa nini uliinunua hii?" Delbert aliuliza, akiupiga ubao wa mbele kwa kiganja.

"Yule muuzaji wa mjini alikuwa anataka kuivunja auze vipuri. Nikasema Arlys akipona mtaitaka tena." Milo alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Yale niliyosema kanisani, sikuyasema kwa sababu nilijua. Niliyasema kwa sababu naogopa. Ni nani mwingine zaidi ya Arlys aliyewahi kunipa chakula cha Jumapili? Nani mwingine anayeniambia nifunge domo nami nikafunga?"

"Ekzosi hujaikaza."

"Nilikwenda kuikaza," Milo alisema. "Nikashindwa. Nikaona si yangu."

Delbert alimpigia Janelle. Janelle alisema mama anapumua kwa shida, njooni. Milo alikanyaga.

Nyumba ile ya wagonjwa ilikuwa pembezoni mwa Billings, chini ya majabali ya manjano, na chumba cha Arlys kilikuwa cha mwisho, dirisha lake limeachwa wazi kidogo. Milo aliingia kwenye maegesho, ekzosi ikagonga ukutani ikarudi mara mbili. Delbert aliruka kabla gari halijasimama. Alifungua mlango wa tela, akamtoa Hazel kinyumenyume, akaona vumbi la safari limemjaa mgongoni na jasho limekauka ubavuni. Arlys hakuwahi kumwonyesha mtu farasi mchafu. Kwa hiyo, Mungu amsamehe, alichukua brashi. Alimpiga brashi shingo, mgongo, akamchana nywele za paji la uso kwa vidole. Farasi alitulia akamwachia mpaka masikio, jambo ambalo lilikuwa halijatokea.

Kisha akamwongoza mpaka dirishani.

Pazia lilifunguka. Alikuwa Janelle. Alimtazama baba yake, akamtazama Hazel, akatikisa kichwa.

Delbert hakuelewa, au alikataa kuelewa. "Nimemleta," alisema kupitia uwazi wa dirisha. "Huyu hapa. Mwinue kidogo amwone."

"Baba."

"Mwinue tu kidogo, mwanangu."

"Baba, ameshakwenda. Sasa hivi. Amekwenda sasa hivi." Janelle aliutoa mkono dirishani akamshika mkono wenye brashi. "Lakini alikusikia. Tangu asubuhi kila dizeli inayopita anauliza, namwambia siyo. Ilipoingia hii, akafumbua macho kabla sijasema kitu. Akasema, huyo, kafika. Akaniambia niinjike kahawa."

Delbert alisimama pale. Aliyatazama maneno hayo ndani ya kichwa chake, moja moja. Alikuwa ameiuza dizeli ile ili mkewe apate kupumua, na mkewe alikuwa ameitumia pumzi yake ya mwisho kuisikiliza. Na wakati Arlys anasema kafika, yeye alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, ukuta mmoja kati yao, anampiga farasi brashi. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni, na Hazel akaisogeza pua yake dirishani akaanza kunusa pazia.

Nyuma yao dizeli ilikuwa bado inanguruma. Milo hakuwa amezima. Kule kwao hakuna anayezima gari anapopakua. Moshi ulikuwa unaelea mwembamba kuelekea ukuta wa nyumba. Muuguzi alitokea mlangoni na mkono umeinuliwa ili kuwakataza, akawaona, akaushusha mkono, akarudi ndani.

Milo alikuwa amekwishaelewa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alipoona moshi unakoelekea, alishtuka akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Samahani, kaka. Samahani. Nimesahau. Nazima."

Delbert aligeuka. Alilitazama lile dirisha, wazi, na hapakuwa tena na mtu wa kulifunga.

"Usizime," alisema. "Iache ingurume kidogo."

Milo akautoa mkono kwenye ufunguo, akauweka pajani. Ekzosi ikaendelea kugonga pale nje, ga-ga-ga, na Janelle akaenda kuuliza jiko liko wapi.